Mzimamoto Aliyekatazwa Kutaja Maji

Hapa Ifakara, ukitaka kumsikia mtu akisema uongo bila kupepesa macho, mtajie Mzimamoto. Atakuambia kwamba mzee yule alimwua mvuvi. Atakuambia kwamba alikuwa mtu wa Wajerumani. Atayasema hayo huku watoto wake wakiwa hai kwa mpunga ambao mzee yule aliutoa motoni kwa mikono yake mwenyewe. Maneno haya nimeyasikia barazani, nimeyasikia kivukoni, nimeyasikia hata nje ya kanisa baada ya misa, watu wakiwa bado wana maji ya baraka kwenye paji la uso. Nimechoka kuyasikia. Na kwa kuwa mimi ni mmoja wa watu wachache sana wa bonde hili wawezao kuandika ukurasa mzima bila kukosea, nimeamua kuandika yaliyo kweli.

Msomaji anijue. Mimi sikusomeshwa na mtu. Nilitoka hapa mpagazi, mzigo wa mpira kichwani, nikafika pwani miguu imepasuka. Nilifagia uwanja wa shule ya serikali mpaka wakaniruhusu kukaa ndani yake, na nilipotoka nilikuwa na cheti chenye muhuri wa tai. Nilirudi kwetu na viatu, saa ya mfukoni, na Kijerumani cha kutosha kumfanya Mzungu ageuze shingo. Sioni ubaya wa mtu kujisifu kwa kitu alichokitolea jasho. Lakini nayataja haya kwa sababu nyingine pia: anayesema hapa amefundishwa kulipima neno kabla ya kuliandika, na wale wanaosema barazani hawakufundishwa.

Nyumba niliyojenga niliporudi ilipakana na ya Mzimamoto. Kati yetu palikuwa na ua wa matete tu, kwa hiyo nilimjua kama mtu anavyomjua jirani: kikohozi chake, ugomvi wake, na harufu ya chakula chake kilichopoa. Ndiyo, kilichopoa. Mtu aliyeingia kwenye nyumba zinazowaka hakuweza kula ugali unaotoa moshi. Mkewe alipakua, akauweka kando, akaufunika, na mume akala umeshakuwa mgumu kama tofali. Hakuota moto hata siku za baridi. Tumbaku hakuvuta, alinusa. Mtu akiingia kwake na kiko kinachofuka, alifukuzwa kama mbwa mwizi.

Kope hakuwa nazo. Nyusi zilikuwa zimebaki upande mmoja, basi siku zote alionekana kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa laini, inang'aa, haina mistari. Wapiga ramli walikataa kumtazamia.

Na alikuwa bahili. Simsafishi, namwandika alivyo. Mtoto wako angemtoa kwenye nyumba inayowaka bila kuambiwa mara mbili, lakini kesho yake ukienda kumwazima jembe, alikujibu, "Jembe langu linaumwa." Siku moja mtu mmoja aliyekuwa amemtukana hadharani kwa ajili ya mpaka wa shamba aliunguliwa jiko. Mzimamoto alifika wa kwanza. Aling'oa makuti na nyasi za paa kwa upembo, mti mrefu wenye ndoana, akaukatia moto njia kabla haujafika kwenye ghala, kisha akatoka nje mweusi kama chungu, akamwambia mwenye nyumba, "Haya, sasa tuendelee. Ule mpaka ni pale kwenye mkwaju." Wakaendelea kugombana pale pale, majivu yakiwaangukia.

Kazi yenyewe haikuwa na mshahara wala bendera. Kiangazi kikifika, nyasi za bonde zinakauka, watu wanachoma mbuga kuwinda, na wavuvi wanawasha moto chini ya vichanja vya kukaushia samaki. Upepo ukigeuka kidogo tu, mtaa umekwisha. Basi lilikuwepo kundi la watu waliokwenda. Hawakuchaguliwa na jumbe. Mmoja alikata shina la mgomba lililojaa utomvu, akapigia nalo moto wa nyasi. Mwingine alipanda paani. Wanawake walipanga mstari kutoka kisimani na vibuyu na mitungi. Na kiongozi, ambaye ndiye yeye, alikimbia mtaa mzima akipiga kelele moja tu, kelele ambayo babu zetu wote waliipiga siku ya moto: "Maji! Maji!"

Nilitaka sana kujua kwa nini watu hawa wanakwenda. Mimi ni mtu wa kuuliza sababu; ndivyo nilivyofundishwa. Katika kundi lile alikuwemo mvuvi mmoja mcheshi, rafiki mkubwa wa Mzimamoto, mtani wake hasa, na yeye nilimwuliza kwanza.

"Mimi?" akasema. "Mke wangu ananituma kuteka maji kila siku, na mimi mwanamume naona haya kuonekana na mtungi. Siku ya moto kila mwanamume ana mtungi. Ndiyo siku pekee namtii mke wangu."

Mkewe alikuwa pale akisafisha kambale, na Mzimamoto ameketi kando. "Mwongo mkubwa," akasema bila kuinua kichwa. "Anakwenda kwa sababu huyu shemeji yangu asiye na kope akimwita, hawezi kukaa. Angemwita kwenye shimo la mamba angekwenda."

"Na wewe shemeji ungetuletea togwa huko huko shimoni," akajibu Mzimamoto.

"Ningewaletea mamba chumvi."

Ndivyo walivyozungumza, siku zote. Lakini Mzimamoto mwenyewe, kila nilipomwuliza, alinijibu jambo jingine. Mara moja alisema ni kiherehere tu, alizaliwa nacho kama wengine wanavyozaliwa na kigugumizi. Mara nyingine alisema siku ya moto hakuna jumbe, hakuna mtumwa, hakuna mwenye kodi na asiye na kodi. Kila mtu anapokea mtungi kutoka mkono wa mtu aliye karibu naye, na yeye alipenda kuona watu wakiwa hivyo, hata kwa muda mfupi. Siku nyingine nilimkuta amekasirika, akaniambia, "Nauchukia, Bwana Cheti. Moto una dharau. Unaingia nyumba ya mtu bila hodi, unakula bila kunawa." Naamini majibu yote matatu.

Bwana Cheti ndilo jina alilonipa. Sikulikataa. Ningelikataaje, na cheti ninacho?

Mkewe alikuwa na jibu lake pia. "Nina mke mwenza," aliwaambia wanawake wenzake. "Hapiki, halimi, hazai. Lakini akiita tu, mume hayupo. Na akirudi kutoka kwa huyo mwenzangu, siku mbili hasemi na mtu." Hilo nami nililiona. Baada ya kila moto alikaa nje ameegemea ukuta, hataki kuulizwa kitu. Kisha anapona, anaanza kugombana kuhusu majembe, na sote tunajua kwamba amerudi. Masika ndiyo ilikuwa mbaya zaidi kwake. Bonde lote limefurika, watu wamehamia mashambani kwenye madungu, vile vibanda vyao vya juu ya nguzo, kuwinga ndege, hakuna kinachoweza kuwaka, na yeye amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Kazi ile ilimwumiza, na kuikosa kulimwumiza vilevile. Mtu anayesema alikwenda kutafuta sifa hakuwahi kumwona masika.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka wa vita, kabla vita havijafika hapa, habari zilikuwa zimekwisha jaa bonde zima kwamba kuna dawa, na dawa hiyo ni maji. Ukinyunyiziwa, risasi ya Mjerumani haikupati. Walioieneza walitembea na vibuyu na matawi ya kunyunyizia, na ikasemekana kwamba wapiganaji wakishambulia wanapiga kelele moja: "Maji! Maji!" Askari wa kituo cha hapa walikuwa na hofu, hawalali, vidole viko kwenye bunduki. Mimi nilikuwa Kiberege kumnunulia mpunga mfanyabiashara niliyemfanyia kazi, kwa hiyo sikuona kwa macho yangu. Lakini nimewahoji waliokuwepo, mmoja mmoja, mbali mbali, na maneno yao yanalingana.

Mchana mmoja moto ulitoka kwenye kichanja cha samaki karibu na kituo. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea nyumba. Mzimamoto akafanya alichofanya maisha yake yote: akakimbia akiita maji. Watu wakatoka kama walivyotoka siku zote, wamebeba vibuyu, wengine wameshika matawi mabichi ya kupigia moto, wote wanakimbia, wote wanaitikia, "Maji! Maji!" Na njia ya kwenda kwenye moto ilipita mbele ya kituo.

Ombasha, mkubwa wa askari waliokuwa zamu, hakuuona moshi. Au aliuona, sijui. Mwenyewe hakuwahi kuulizwa. Aliona watu wenye vibuyu na matawi wanamjia wakipiga kelele za vita. Akaamuru askari wake wapige risasi. Mvuvi alikuwa mbele kabisa, mtungi begani. Alianguka na mtungi wake, na wapo waliofikiri kwa muda kwamba ni mtungi tu uliopasuka.

Watu walitawanyika. Mzimamoto alibaki amemwinamia rafiki yake. Ombasha akatoka akauliza nani aliyeanzisha kelele. Akajibu, "Mimi." Neno hilo moja watu wa hapa wameligeuza kuwa ungamo! Aliulizwa nani aliita, akasema yeye aliita. Hakuulizwa nani aliua.

Walimpiga viboko, wakamfunga mnyororo shingoni pamoja na wafungwa wa kodi, wakawatia katika chumba cha ndani cha kituo, naye akingoja kunyongwa. Na moto, ambao sasa hakuna mtu wa kuuzima, ukaja wenyewe mpaka kwenye paa la nyasi la kituo. Hapo mkubwa wa kituo akauliza nani anajua kuzima moto. Askari mmoja akaonyesha kidole kule ndani.

Wakamfungua. Akaomba upembo na mashina ya mgomba, akapanda juu ya paa la watu waliomwua rafiki yake mchana ule ule, mgongo unavuja damu, akauzima. Baada ya hapo mkubwa wa kituo akamwachia huru, kama zawadi.

Hiyo ndiyo hadithi yenyewe, na watu wameipasua vipande vitatu ili wamtupie kila kimoja. Kelele zake zilimwua mvuvi. Aliokoa kituo cha Wajerumani. Alitoka mzima. Siku ile mle ndani ya chumba kilichofungwa walikuwemo watu wetu, shingo zao kwenye mnyororo mmoja! Paa lingeanguka juu ya nani? Nimemwuliza mmoja wa wafungwa hao, mtu mzima mwenye wajukuu sasa, kwa nini hasimami barazani akasema. Akanijibu, "Bwana mdogo, mambo ya zamani hayo." Zamani! Shingo yake bado ina alama.

Vita vilipopamba moto, askari wa serikali na wasaidizi wao walipita bondeni wakichoma nyumba na maghala ili watu wafe njaa, na njaa ilikuja, na watu walikufa. Mzimamoto aliwafuata kwa nyuma. Wao wakiwasha na kuondoka, yeye anatoka kwenye matete anazima. Alikuwa peke yake sasa. Hakuna aliyekubali kwenda naye. Alikokoa mpunga uliokuwa chini kabisa ya ghala, ule ambao moto haujaufikia, akauacha hapo hapo kwa mwenyewe. Wali wake ulinuka moshi. Ukimwuliza mtu wa umri wangu wa hapa kama aliwahi kula mpunga wa moshi, atakwambia ndiyo. Mwulize nani aliutoa motoni. Atatazama miguu yake.

Vita vilipokwisha, akida mgeni alitangaza barazani kwamba ni marufuku kupiga kelele za neno lile mahali popote. Atakayelitamka kwa sauti kubwa, viboko. Nilikuwepo, nikasimama, nikasema, "Na moto je?" Akida akasema tutafute neno jingine. Mimi nilikwisha kukaa na Wazungu pwani, na nilikwisha kumwona Mjerumani jiko lake likishika moto. Aliita maji kwa lugha yake kwa sauti iliyofika bandarini, na hakuna aliyempiga risasi. Nilimwambia akida hivyo. Aliniambia nikae chini.

Neno jingine likatafutwa. Wazee wakakubaliana kwamba siku ya moto tuite "Mvua!" Ilipofika siku yenyewe, nyumba moja ya mtaa wa Kibaoni ikawaka, mtu akaita "Mvua! Mvua!" na wanawake wote wa mtaa wakakimbilia mikekani kuanua mpunga. Walipomaliza kuuingiza ndani, nyumba ilikuwa majivu. Mpunga ulikuwa mkavu kabisa. Watu walicheka, na mimi nilitaka kulia kwa hasira. Mzimamoto hakucheka wala hakulia. Tangu aachiwe huru, neno lile lilikuwa limemtoka kinywani kabisa. Hata kiu ikimshika, alimwonyesha mkewe kata kwa kidole.

Lakini lililomla si akida wala baraza. Ni mjane wa mvuvi. Mama yule hakumtukana. Aliacha tu kumjibu. Mzee akipita mbele ya nyumba yake alisimama, akasema, "Shemeji, umeamkaje?" Mama anaendelea na kazi yake kana kwamba ni upepo umepita. Mwaka ukaisha, na mwingine. Nilimwambia mzee aache kujidhalilisha.

"Waache wengine waseme watakavyo," akanijibu. "Hao sikuwaita mimi. Lakini yule mama akifa hajaniita shemeji, Bwana Cheti, nitakuwa nimemwua mumewe kweli."

Nikamwambia mwenye kosa anajulikana, na kwamba naweza kuandika shauri lote kwa Kijerumani kizuri likapelekwa juu.

"Utaandika nini? Kwamba niliita maji?"

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda mrefu ilikuwa kiangazi kilichopita. Alikuwa amekonda, kifua kinapiga filimbi. Nilimkuta alasiri akienda kivukoni kutafuta tumbaku, nikamshika mkono, tukatembea polepole. Tulikuwa hatujaifikia nyumba ya mjane tuliposikia sauti ya mwanamke, kali, ya ajabu, kama kitu kilichofungiwa muda mrefu.

"Maji! Maji jamani! Maji!"

Alikuwa yeye. Jiko lake limeshika, na moto umekwisha panda paa la nyumba kubwa. Watu walikuwa wametoka milangoni, lakini wamesimama, mikono vinywani, wanatazama upande wa kituo. Sijawahi kuwaonea haya watu wangu kama dakika ile. Mzee aliuchomoa mkono wake kwangu, akakimbia. Sijui alizipata wapi nguvu. Nikamfuata na viatu vyangu, na wengine, walipoona wawili tumekwenda, wakaanza kuja na mitungi.

Desturi ya kwetu ni kwamba mwenye nyumba hazimi moto wake, kwa maana ataingia kufuata mali. Lazima ashikwe. Mjane alikuwa anataka kuingia kuchukua mbegu za mpunga, na aliyemshika ni Mzimamoto, kwa mikono ile isiyo na mistari.

"Niache! Niache, muuaji we!"

"Nitakuacha ukipoa."

"Mbegu zangu!"

"Mbegu zipo Kiberege. Kama wewe huko hayupo mwingine."

Alimpiga kifuani, akamkwaruza shingo. Hakumwachia. Vijana walivuta paa likaanguka nje, wakalimwagia maji mpaka likanyamaza. Ukuta ulibaki, mlango ulibaki, na gunia la mbegu lilitoka limeungua pembe moja tu.

Kisha askari akaja kutoka kituoni, ombasha mwingine, kijana, amefunga vifungo vibaya kwa haraka. "Nani kapiga kelele zile?"

Nilikuwa nimeshaanza kuvuta pumzi nimjibu kwa Kijerumani. Mjane alinitangulia.

"Mimi. Nyumba yangu ilikuwa inawaka. Ulitaka niite nini? Niite uji?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wote wakacheka. Ombasha akatazama moshi, akatazama mitungi, akatazama kundi lote lile lililolowa. Akasema tusirudie, akaondoka. Nani asirudie nini, hakusema.

Mzimamoto alikuwa ameketi chini, kikohozi kimemkunja. Alipopata pumzi aliinuka, akashika njia ya kuondoka, kimya kimya, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuondoka mahali pale. Mjane alikuwa amesimama karibu na mtungi wa mwisho uliobaki. Aliinama akachota kata, akaenda akamzibia njia. Baraza lote la waongo lilikuwepo pale, wale wale, na wote walisogea wasikose hata neno moja.

"Shemeji," akasema, "kunywa maji."

Mzee aliipokea kata kwa mikono miwili. Akanywa yote. Akairudisha, akafuta mdomo, akakaa kidogo kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika kabla ya kuukanyagia.

"Shemeji," akasema, "niongeze maji."

Akamwongeza.